Samaki Mbichi wa Miyuji

Binti wa kaka yangu ananifuatafuata siku hizi. Eti, shangazi, pamefunguliwa mahali pa sushi hapa mjini, twende nikakutoe ushamba. Nikamwambia mwanangu, ushamba huo mimi nilitolewa wewe hujazaliwa, na nilitolewa hapa hapa Dodoma, pale Miyuji. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuniamini. Watoto wa siku hizi wanadhani dunia imeanza walipofumbua macho wao.

Basi naandika. Kumsimulia kwa mdomo nitapandwa na hasira bure, na presha ninayo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua kitu. Aliyekuwa na chumba cha mbele alitoboa dirisha akauza sabuni. Aliyekuwa na video aliweka mabenchi uani akatoza kiingilio. Mitumba ilishushwa sokoni marobota kwa marobota, na mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja moja. Shirika letu lilikuwa linasubiri zamu yake. Mimi nilikuwa mpiga chapa pale. Kila mwisho wa mwezi mtu aliitwa kwa bosi akatoka ameshika bahasha, hasemi na mtu, na sisi wengine tunajifanya tuna kazi nyingi.

Yeye, huyo mwanamume ninayetaka kumsimulia, alikuwa ofisa mipango pale pale. Alikuwa amepelekwa Japani kusoma kwa miezi kadhaa, akarudi na redio kaseti kubwa na tabia ya kuinamisha kichwa akikusalimia. Wenzangu walimcheka. Mimi sikumcheka. Nilimpenda, tena nilimpenda sana, na sioni haya kusema hivyo leo, uzee umeshanitoa haya.

Kwetu ni Chang'ombe. Sisi ni wale Waislamu wa mjini ambao babu zetu walikuja na misafara, wengine wamebeba, wengine wamebebewa, wakafika hapa wakachoka, wakaoa Wagogo, wakakaa. Ukiniuliza kwetu wapi nitakuonyesha mlango wa nyumba ya mama yangu. Kwao yeye ni Busi, kule Kondoa, watu wa mashamba na ng'ombe, watu ambao baba na babu na baba wa babu wamezikwa kwenye kipande kimoja cha ardhi na kila kaburi linajulikana. Dini yetu moja. Nilidhani hilo linatosha.

Sasa kwetu mwanamume hakanyagi kwa mchumba wake kabla hajaleta washenga. Hata kama mnapendana vipi, hata kama mtaa mzima unajua, ataishia kwenye kona. Kwa hiyo alikuwa anasimamisha gari la shirika pale kwenye duka la muuza mkaa, anapiga honi mara moja, mimi natoka. Mama alikuwa anaijua honi yake. Uso wake hakuwahi kuuona.

Na washenga hawakuja. Alinipiga kalenda, ndugu zangu, alinipiga kalenda mpaka kalenda yenyewe ikachoka. Mara tusubiri mavuno, wazee wako shamba. Mara tusubiri mfungo upite. Mara ajue kwanza kama na yeye panga la kupunguza wafanyakazi litampitia. Katikati ya kungoja huko, fundi cherehani mmoja wa sokoni, mtu mzima mwenye adabu zake, alimleta mjomba wake nyumbani kuniposa. Nikakataa. Mama hakunigombeza. Alinyamaza tu, na mama yangu akinyamaza ujue ameumia. Umri wangu ulikuwa umefika pale ambapo majirani wanaacha kukuuliza utaolewa lini, wanaanza kumuuliza mama yako afya yako.

Ijumaa moja akaja mezani kwangu, akaegemea mashine ya chapa, akasema kwa sauti ya chini, "Kesho jioni nataka nikutoe. Nina jambo zito la kukwambia."

Akanipa na mfuko. Ndani mlikuwa na mtandio wa kijani wenye nyuzi za dhahabu pembeni, wa Dubai. "Uvae huu," akasema.

Jambo zito! Nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Nilipomwambia mama, alikaa kwenye kigoda akaweka mikono magotini, akasema, "Alhamdulillahi. Amepanga siku." Mama alikuwa na hakika kuliko mimi. Kesho yake asubuhi akaenda sokoni akarudi na mapazia ya mtumba yenye maua mekundu, akayafua, akayatundika sebuleni yangali na maji. Akaenda kwa jirani akaazima vikombe vyenye ukingo wa dhahabu na chupa ya chai, kwa kuwa huwezi kujua, pengine wazee wako njiani, pengine ni Jumapili hii hii. Jirani akauliza kuna nini. Mama akamwambia, "Kuna heri." Hapo mtaa mzima ukawa umeshajua.

Jioni ilipokaribia akaniwekea ugali wa uwele na mlenda, bakuli limejaa.

"Mama, naenda kula."

"Najua unaenda kula. Ndiyo maana ule kwanza. Mtoto wa kike haendi kwa watu na njaa. Utakaa unarukia vyakula kama hujalelewa. Ukifika unaonja, unabakiza, unashukuru."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote, na anayebisha kwao walikuwa wanakula kwa ndugu. Nikala. Nikanawa, nikajifukiza udi, nikajitanda ule mtandio wa kijani. Honi ikalia. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima.

Njiani alinieleza. Huko Miyuji kulikuwa na Mjapani, mzee, aliyekuja na mradi wa kuchimba visima. Mradi ukaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki. Alimwoa mama mmoja wa Kigogo, wakapanga nyumba, na chumba cha mbele akakigeuza mahali pa kulia. Alifungua Jumamosi tu, kwa sababu samaki walipanda basi Dar es Salaam Ijumaa usiku ndani ya sanduku la barafu. Waliokuwa wanakula pale ni wataalamu wa miradi, na wakubwa waliokuja mjini kwenye vikao.

"Pale huagizi chakula," akaniambia, mkono mmoja kwenye usukani, anajisikia kweli. "Wenyewe wanaita omakase. Maana yake, nakuachia wewe. Unakaa, mpishi anaamua ule nini na ufuate nini. Wewe kazi yako ni kumwamini."

"Na kama sikitaki?"

"Ndiyo utamu wake. Hujui kinachokuja."

Nikacheka. Nilikuwa na raha siku hiyo kiasi kwamba angenipeleka kula magogo ningecheka.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, ya bati, na mpapai mlangoni. Ndani kulikuwa na meza moja ndefu ya mninga iliyosuguliwa ikalainika, na viti virefu upande mmoja. Upande wa pili alisimama yule mzee, amejifunga kitambaa kichwani, kisu mkononi. Nyuma yake, penye jiko, mkewe alikuwa ameinamia sufuria ya wali, ametupa mgongo. Kule mwisho wa meza walikaa Wazungu wawili wanaongea yao.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba! Mbukwa!" akajibu, na salamu yake ya Kigogo, na Kiswahili chake cha watu wa visimani. Akanitazama usoni kidogo, akautazama mtandio, akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu. "Karibu tena, mama."

Tena. Nililisikia, likanipita. Mgeni wa lugha, nikasema moyoni.

Kwanza tulipewa kitambaa cha moto kila mtu afute mikono. Halafu mzee akaanza. Anachota wali kidogo, anaufinya kiganjani unakuwa kidonge cha ukubwa wa kidole gumba, anakata samaki kipande chembamba, anakilaza juu, anakuwekea mbele yako juu ya ubao. Kimoja kimoja. Hakupi cha pili mpaka umemaliza cha kwanza. Wali wenyewe ulikuwa mchele wa Bahi, umetiwa siki na sukari. Na samaki, wa kwanza alikuwa changu, alikuwa mbichi kweli, jamani. Mtu wa Chang'ombe samaki wake anamjua amekaangwa mpaka mkia unavunjika kama karatasi, halafu anaungwa tena kwa nazi kama ipo.

Nikauma nusu. Ulimi ulishangaa lakini haukukataa. Nusu iliyobaki nikairudisha kwenye ubao kwa adabu, kama nilivyofundishwa, nikasema ahsante.

Mzee akasita. Akaweka kisu chini, akafumbata mikono, akanisubiri. Yeye mwenzangu alikuwa ameshameza chake na anangoja cha pili, na cha pili hakiji, kwa sababu pale mnaenda pamoja.

"Maliza," akaninong'oneza.

"Nimebakiza. Ndiyo adabu."

"Hapa si kwenu, bwana! Maliza, unaniaibisha."

Hapa si kwenu. Nikameza ile nusu na lile neno pamoja. Mzee akafurahi, akachukua tena kisu.

"Leo mama unakula pole pole," akasema. "Mara ile ulimaliza haraka!"

Nikamwangalia mwenzangu. Yeye alikuwa anaangalia kikombe cha chai. "Anachanganya watu," akasema. "Mzee huyu, wageni wote kwake sura moja."

Hilo nalo likapita. Nilikuwa nalipisha kwa nguvu, naomba mnielewe. Ukiwa umengoja jambo muda mrefu namna ile, unakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, hutaki hata kugeuza shingo. Kila nilipomaliza kipande nilikuwa nasema sasa atasema. Sasa atasema siku. Hasemi. Anasimulia Japani, treni zao, vyoo vyao. Vipande vikaja, jodari, ngisi, kamba, na tumbo langu lina ugali wa uwele, na mimi nameza kwa heshima ya mtu ninayetaka anioe.

Kisha nikaona kitu. Kila alipomwekea yeye kipande, mzee alichota kwanza kitu cha kijani kwenye kibakuli, akakipaka katikati ya samaki na wali. Mimi hanipaki. Na alipokata pweza, mwekundu, mnono, alimwekea yeye tu. Mimi akanipa kipande cha yai.

Sasa mimi pweza ndiye kitu pekee cha baharini ninachokipenda. Nikauliza, kwa upole kabisa, "Mzee, mimi pweza sipati?"

Akainamisha kichwa, amejaa furaha ya mtu aliyekumbuka vizuri. "Nakumbuka, mama! Kazi yangu ni kukumbuka. Pweza hutaki, mara ile alikushinda. Na pilipili ya kijani hutaki, ilikutoa machozi, baba akakufuta kwa kitambaa chake. Leo nimetoa vyote. Nimekujua kwa mtandio."

Mke wa mzee akageuka kutoka jikoni. Akanitazama usoni, ndiyo mara yake ya kwanza, na ule mwiko wa wali ukabaki hewani.

"Mzee," akasema. "Siye."

"Eh?"

"Siye huyu, mzee. Siye! Nyamaza."

Hata wale Wazungu kule mwisho waliacha kuongea, na sijui kama Kiswahili walikuwa wanakijua.

Nikamgeukia mwenzangu. "Mama yupi alikuja hapa?"

"Tutaongea kwenye gari."

"Nimekuuliza. Nani alifutwa machozi kwa kitambaa?"

Akainamia kikombe chake. Nikamwuliza yule mke. "Dada, naomba uniambie. Ni nani?"

Akajifuta mikono kwenye khanga, akaangalia chini. "Mdogo wangu, mimi kazi yangu wali." Halafu nadhani alinihurumia, au alimchukia yeye, maana aliinua macho. "Alikuwa na hina. Mikono yote, mpaka kwenye viwiko."

Basi. Hakuna mwanamke wa Kiislamu katika nchi hii anayehitaji kuelezwa zaidi. Hina ya viwiko haipakwi kwa ajili ya kwenda kutembea. Watu walikuwa wameshakaa, wameshakula, wameshapiga vigelegele. Washenga niliokuwa nawasubiri walishatumwa, ila walikunja kona nyingine.

Hapo ndipo lile jambo zito likatoka, nalo lilitoka kwa sauti ya kuomba radhi kwa bosi. Alisema wazee wa Busi walikaa kikao. Walimtafutia binti wa huko huko, baba yake ana malori mawili ya kubeba alizeti. Alisema aliwatajia jina langu, wallahi aliwatajia, wakamuuliza kwao wapi, akasema Chang'ombe, wakasema Chang'ombe si kwao mtu, hapo ni mahali pa kupanga. Watu wa misafara, wakasema, hawana shamba, hawana ukoo, leo wako hapa kesho wamehama. Na ndoa ilishafungwa, kule kule Busi, kimya kimya.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Ni wazee. Niliwaachia wao."

"Uliwaachia wao."

"Ndiyo."

"Kama hapa."

Hakuelewa. Au alielewa akajifanya. Babu yake mama yangu alizikwa Dodoma kabla ya reli, kabla hapajawa na duka hata moja, na leo mtu ananiambia mimi ni mpangaji! Lakini hayo sikuyasema wakati huo. Yalinijia kesho yake, ninafua, kama maneno mazuri yote yanavyokuja.

Yeye akaendelea. Akasogeza kiti karibu, akanishika mkono juu ya meza, na hili ndilo sijamsamehe mpaka leo. Ndoa ningemsamehe. Wazee wana nguvu, naelewa. Lakini alisema, "Kwetu sisi wawili hakuna kitakachobadilika. Tulia tu. Nitakupangia chumba huku huku Miyuji, hakuna anayekujua. Mambo yakipoa, dini inaruhusu, tutaona." Akatabasamu. "Nimekuleta hapa ujue nakuthamini. Si kila mtu namleta."

"Umeleta wawili," nikasema. "Na mtandio ulinunua pea."

Mke wa mzee akaguna. Nilimsikia.

Mzee wa watu alikuwa amesimama na kisu chake, uso umemwiva kwa aibu. Nadhani hakuelewa yote, ila alielewa lake. Akaondoa ubao wangu uliokuwa na kile kipande cha yai. Akafuta meza mbele yangu kwa kitambaa kibichi, halafu kikavu. Akaweka ubao mpya. Akainama, chini kabisa, mpaka nikaona utosi wake.

"Samahani sana, mama. Nilikupa chakula cha mtu mwingine. Chakula chako bado. Naanza mwanzo."

Yeye akasimama. "Hapana mzee, inatosha, sisi tunaondoka."

"Kaa chini," nikamwambia.

"Twende, watu wanatutazama."

"Kaa. Chini. Hapa ni kwa kuachia mpishi, umeniambia mwenyewe. Mpishi ameamua."

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Akakaa. Na mzee akaanza upya, na kwa kuwa pale mnaenda pamoja, kila kipande alichoniwekea mimi alimwekea na yeye, na hakuna kuruka. Samaki changu tena. Jodari tena. Ngisi, kamba. Safari hii pilipili ya kijani ilikuwepo, na yenyewe haiumi ulimi, inapanda puani moja kwa moja kama umevuta amonia. Nililia. Kila mtu aliona, na sikuisingizia pilipili. Nililia kwa sababu nilikuwa nampenda na alikuwa ameniona mimi ni mtu wa kufichwa kwenye chumba cha kupanga. Nalia natafuna, natafuna nalia, na kila kilichowekwa mbele yangu nilimaliza, sikubakiza punje. Yeye kwenye kipande cha sita au cha saba jasho lilimtoka, amebanwa, anameza kwa maji. Mzee akafumbata mikono akamsubiri amalize. Wallahi niliburudika kidogo.

Pweza alipokuja, mnono, nilimla kwa mkono.

Tulipomaliza nikavua ule mtandio, nikaukunja vizuri, nikauweka mbele yake juu ya meza. Kichwa changu kikabaki wazi mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kufanya kabla wala baada. Haukupita muda, mke wa mzee alishazunguka meza. Akafungua khanga aliyokuwa amejifunga juu ya gauni, khanga ya kupikia, ina harufu ya siki na moshi, akanitanda mwenyewe, akanivutia pembe mabegani kama mama anamvalisha mtoto.

"Gari lako sipandi," nikamwambia yule. "Na Jumatatu ukiwa na kazi ya kuchapa, mpelekee mwingine."

Yule dada akanisindikiza mpaka barabarani na boksi mkononi, mzee amelijaza samaki, zawadi ya msamaha. Tulikuta teksi inarudi mjini. Hakuniambia neno lolote la kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Isha ilikuwa haijaadhiniwa nilipofika. Mama alikuwa amekaa sebuleni, amevaa gauni lake la Idi, mapazia mekundu nyuma yake, vikombe vya jirani vimepangwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa. Alikuwa amefungua mdomo kuuliza lini. Nilijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaona khanga.

"Mtandio uko wapi?"

"Nimemrudishia."

Akafunga mdomo. Akaniangalia, akaliangalia boksi. "Hicho nini?"

"Samaki. Chakula cha huko."

Akafunua, akanusa, akachokonoa kwa kidole. "Mbona mbichi?"

"Ndivyo wanavyokula."

"Astaghfirullah," akasema, na ilikuwa ni kwa ajili ya yote kwa pamoja, nadhani. Akainuka na gauni lake la Idi, akaenda uani. Mkaa ulikuwa bado una moto, alikuwa ameuweka tayari kwa chai ya wageni. Akateleka kikaango, akamimina mafuta, akakata kitunguu na nyanya. Akamwaga mle samaki wote, jodari na changu na pweza, na ule wali wake wenye siki, yote kwa pamoja, akakoroga. Na mimi nimekaa kwenye kinu nasimulia. Hina. Malori mawili. Busi. Chang'ombe si kwao mtu. Kwenye hilo alisimamisha mwiko kidogo, halafu akaendelea kukoroga. Chumba cha Miyuji nilikisema mwisho, kwa sauti ndogo. Mama hakugeuka, ila aliongeza chumvi mara mbili.

Akapakua kwenye sahani moja. Tukala kwa mikono, mimi na yeye, chini ya taa ya uani. Mimi nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni, mara tatu siku hiyo nimekula, lakini mama akila peke yake siku ya namna ile angeumia zaidi. Kilikuwa kichachu, kitamu, kimeungua pembeni. Alipomaliza akafuta sahani kwa kidole, akalamba, akanawa.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo posa yako. Tumeshaila."

Akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. Akachukua kikaango akaanza kukisugua kwa mchanga, anasugua kwa nguvu, amenipa mgongo ili nisimwone. Halafu akaniambia nikalale, niamke alfajiri nirudishe vikombe vya watu kabla jirani hajaja mwenyewe kuuliza wageni walikuwa wangapi.